Moka, Dele au Kijiweni: Hesabu ya Kahawa kwa Mtu wa Miono

Birika la moka limeanza kuingia Miono kwa njia ya mabegi. Kijana aliyefanya kazi kwenye hoteli za Waitaliano kule Kiwengwa, Unguja (si Kiwangwa yetu ya mananasi), anarudi na moja. Dada aliyeolewa Malindi, mji ambao Waitaliano wamejenga na kuishi kwa miongo mingi, anatuma jingine. Linafika limeviringishwa kwenye fulana, linapewa nafasi juu ya kabati karibu na redio, na siku zikipita mwenye nyumba anaanza kujiuliza kama kitu hiki kitamwokolea pesa au ni pambo tu. Jirani yake aliyekiona anauliza la kwake: nami ninunue?

Jibu langu ni kwamba moka inaokoa pesa kwa mtu wa aina moja tu, yule anayekaanga buni mwenyewe. Kwa wengine wote ni suala la ladha, na ladha nayo inalipiwa.

Tuanze na chombo. Moka ina sehemu tatu. Chini kuna tumbo la maji, na ubavuni mwake vali ndogo ya usalama. Katikati kunakaa kikombe cha chujio chenye mrija unaoshuka hadi karibu na kitako cha tumbo. Humo ndimo unga wa kahawa unamotiwa. Juu kuna birika lenyewe, na mdomo wake, mkono wake na kifuniko chake, na chini ya birika hilo kuna sahani ya chujio iliyobanwa na mpira wa kuzibia. Unatia maji hadi chini kidogo ya vali, unajaza unga bila kuushindilia, unakaza kwa nguvu, unaweka motoni. Maji yakipata joto, mvuke unabanwa na kuyasukuma yapande kwenye mrija, yapenye kwenye unga na kutokea juu yakiwa kahawa. Ukifungua kifuniko utaona kinguzo cha katikati kikitoa uzi mweusi, mzito, usio na haraka. Baadaye uzi huo unafifia hadi rangi ya asali, kisha birika linaanza kukoroma na kutema povu. Ipua kabla ya mkoromo, la sivyo kahawa inachukua uchungu wa kuungua. Presha ya chombo hiki ni ndogo, bar moja na ushei, ilhali mashine ya espresso hufika bar 9. Muuzaji akikuambia moka inatoa espresso, anakuuzia jina.

Aliyeitoa sokoni ni Alfonso Bialetti, fundi wa aluminiamu wa Crusinallo, kitongoji cha mji wa Omegna kaskazini mwa Italia, mwaka 1933. Wakati huo kahawa nzito ya Italia ilikuwa ya baa, kwenye mashine kubwa za mvuke, na baa ilikuwa ya wanaume. Moka iliichukua kahawa hiyo na kuiingiza jikoni. Haikuenea mara moja: mwaka 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia, Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, kahawa ikawa adimu, kisha ikaja vita. Ni mtoto wake, Renato, aliyeifanya moka kuwa kitu cha kila nyumba baada ya vita, kwa matangazo. Yule mzee mdogo mwenye masharubu aliyechorwa ubavuni mwa birika ni wa mwaka 1953, kazi ya mchoraji Paul Campani, na baadaye akaonekana kwenye matangazo ya jioni ya televisheni ya Italia. Renato alipofariki mwaka 2016, majivu yake yalizikwa ndani ya moka kubwa. Mtu akitaka kujua Waitaliano wanalichukuliaje birika hili, hilo linatosha.

Mwaka huohuo wa 1933, wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wanaunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika cha kuuza kahawa. Na kama kuna sehemu ya pwani yenye haki ya kusema juu ya kahawa, ni wilaya yetu ya zamani, Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa na makao kisiwani Réunion, na huko ndiko ilikotoka mbegu ya arabika aina ya Bourbon waliyoipanda kwenye misheni zao. Mandera, hapo njia panda tunapokunjia kuja Miono, walifungua misheni mwaka 1881. Mbegu hiyo ilifika Bura, Taita, mwaka 1893, na hadi leo wataalamu wanaiita kahawa ya misheni ya Wafaransa. Pwani yenyewe haikuistawisha; arabika inataka mwinuko na ubaridi. Kwa hiyo sisi tulio mlangoni ilikopita mbegu, leo tunainunua kahawa kutoka Moshi, Mbinga na Bukoba, na nauli tunailipa ndani ya bei.

Chombo chetu ni dele. Shaba, kiuno chembamba, mdomo mrefu uliopinda, kifuniko chenye kichwa kilichochongoka, na chini yake jiko dogo la mkaa linalobebwa pamoja nalo. Dele halina vali, halina mpira, halina chujio. Kahawa inatwangwa, inachemshwa na tangawizi, machicha yanatuama yenyewe chini, na muuzaji anamimina kwa mkono uliozoea asiyachafue. Likianguka linabonyea, halivunjiki. Jambo moja tu la kuangalia ni ndani: shaba tupu inapiga kutu ya kijani, kwa hiyo dele lazima liwe limepakwa bati, na bati likichakaa lipakwe upya. Mafundi wa kazi hiyo wamepungua, ndiyo maana wauza kahawa wengi wamehamia kwenye mabirika ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu. Kahawa inabaki ileile, ingawa mzee wa kijiweni atakubishia mpaka magharibi.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wa moka wanapojiona wametapeliwa. Moka huuzwa kwa idadi ya vikombe: kimoja, vitatu, sita, tisa, kumi na viwili. Hivyo ni vikombe vya Kiitaliano, kila kimoja karibu mililita 50. Moka ya vitatu inatoa mililita 130 hadi 150, ambazo hazijazi hata kikombe kimoja cha chai cha nyumbani kwako. Lakini ukipima kwa finjani ya kahawa chungu, inatoka finjani tatu sawasawa. Kwa hiyo mtu wa pwani ndiye hasa mwenye kipimo kinachooana na chombo hiki. Tatizo linaanza akitaka kunywea kwenye kikombe cha chai kama uji.

Nilimwona kijana mmoja akiipeleka ya kwake kijiweni kuionyesha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hilo linatoa vingapi?"

"Vitatu."

Babu akawatazama waliokaa kwenye benchi mmoja mmoja, akalirudia birika kwa jicho. "Basi kanywe nyumbani, mjukuu wangu."

Na moka huwezi kuifanyia ujanja. Ya vikombe sita haipiki vizuri ukiijaza nusu: maji yanapita haraka kwenye unga mchache na kahawa inatoka nyepesi na chungu kwa pamoja. Nunua saizi unayokunywa kila siku, usinunue ya wageni. Wageni wakija, dele la lita moja linamaliza kazi kwa mpigo mmoja.

Tuingie kwenye shilingi. Bei nitakazotumia ni za makadirio. Wewe weka za duka lako, njia ya hesabu haibadiliki. Mnywaji wetu anakunywa finjani tatu kwa siku.

Kijiweni, finjani ni shilingi 100 hadi 200 kulingana na mahali. Tuchukue 150. Kwa siku ni 450, kwa mwaka 164,250.

Nyumbani kwa moka, akitumia kahawa ya unga ya paketi, ile arabika nzuri ya dukani mjini: tuseme gramu 250 kwa shilingi 12,000, yaani shilingi 48 kwa gramu. Moka ya vikombe vitatu inakula gramu 15 hivi. Hiyo ni shilingi 720, na gesi ya shilingi 15, jumla 735 kwa siku, 268,275 kwa mwaka. Amenunua birika, amejipikia, ameosha vyombo mwenyewe, na bado ametumia zaidi ya laki moja kuliko aliyekaa kijiweni akahudumiwa. Kila nikiifanya hesabu hii mbele ya watu, mwenye moka hukasirika.

Nyumbani kwa moka ileile, akitumia buni aliyoikaanga mwenyewe: tuseme kilo ya buni mbichi ni shilingi 12,000. Ikikaangwa inapoteza maji na kubaki gramu 830 au chini kidogo, kwa hiyo gramu moja inasimama kwenye shilingi 15. Gramu 15 ni shilingi 225, na gesi 15, jumla 240 kwa siku. Kwa mwaka ni 87,600. Hapo sasa anaokoa shilingi 210 kila siku dhidi ya kijiwe. Moka ya aluminiamu isiyo na jina kubwa, tuseme ya shilingi 35,000, inajilipa ndani ya miezi mitano na nusu. Ile yenye mzee wa masharubu, ambayo kwa bei ya Ulaya na gharama ya kuisafirisha tunaweza kuiweka kwenye 90,000, inajilipa kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Zote mbili zinapika kwa kanuni ileile. Unacholipia zaidi ni unene wa aluminiamu, ukazaji usiovuja, na uhakika wa kupata mpira wa saizi yake miaka mitano ijayo. Hilo la mwisho si dogo.

Dele au birika la kawaida kwa buni ileile: lita moja ya maji, gramu 60 za kahawa iliyotwangwa, tangawizi ya shilingi 200. Ni 1,100, na baada ya kupungua kwa mvuke na machicha unapata finjani 15 hivi, kila moja shilingi 73. Moka iliyopikwa kwa buni hiyohiyo ni shilingi 80 kwa finjani ukijumlisha gesi. Tofauti hiyo si ya kugombania. Fedha imejificha kwenye buni, haimo kwenye birika.

Kahawa ya kuyeyuka, ile ya kopo inayotengenezwa Bukoba, ipo duka lolote hapa Miono na haihitaji chombo. Kwa kopo la gramu 50 la shilingi 5,000, kijiko cha gramu mbili ni shilingi 200, na kinatosha kikombe kikubwa cha chai, hata cha maziwa. Anayekunywa kikombe kimoja asubuhi na kwenda shamba hana sababu ya kusoma makala hii hadi mwisho.

Moto nao una mambo yake. Kwa gesi au umeme, gharama ya kupika moka ya vitatu ni ndogo mno. Ukijaza mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 24,000, pishi moja linakula gramu tatu au nne za gesi. Kwa jiko la umeme ni uniti 0.04 hivi, kwa uniti ya shilingi 356 inayolipwa na mteja wa kawaida, hiyo ni shilingi 14, na aliye kwenye kundi la matumizi madogo, la chini ya uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi tano. Ila jiko la umeme la kisasa linalopasha kwa sumaku halioni aluminiamu kabisa. Hilo linataka moka ya chuma kisichoshika kutu.

Mkaa ni habari nyingine, na Miono bado ni ya mkaa na kuni. Kuwasha jiko jipya kwa ajili ya finjani tatu ni kuchoma pesa: mkaa wa shilingi 500 unazidi bei ya buni yote iliyomo. Isitoshe, kitako cha moka ni kidogo, hakikai imara juu ya makaa, na joto la mkaa halichagui, linapanda ubavuni na kuyeyusha mkono wa plastiki kisha kuubabua mpira. Mwenye jiko la mkaa atumie makaa yaliyobaki baada ya ugali, aweke kipande cha bati nene au kikaango kikuukuu juu ya jiko, ndipo akalishe moka hapo katikati. Mwenye mtungi mdogo wenye jiko juu yake aweke wavu wa chuma ili birika lisipinduke, na ashushe moto usivuke ukingo wa kitako. Dele halijui matatizo haya. Lilizaliwa kwenye mkaa.

Kuhusu kukaanga na kutwanga, kwa kuwa ndiko faida iliko, niseme kidogo zaidi. Kahawa chungu ya pwani hukaangwa hadi iwe nyeusi tititi, inang'aa mafuta. Ukiipeleka hivyo kwenye moka itakukaba. Kaanga kwenye sufuria nzito kwa moto wa wastani, koroga bila kuacha, punje zitaanza kupasuka kwa mlio. Mlio ukitulia na rangi ikiwa ya kahawia iliyokolea, mwaga kwenye ungo zipoe haraka. Ukisubiri moshi wa buluu umepitiliza. Kisha kinu. Kinu kinatoa unga usio sawa, chenga na vumbi pamoja, na vumbi ndilo adui wa moka: linaziba matundu ya chujio, maji yanashindwa kupita, presha inatafuta njia kwenye vali. Chekecha kwa kichujio cha unga, vumbi laini lipeleke kwenye dele ambako halina madhara, chenga rudisha kinuni. Unaotaka ni unga wa saizi ya chumvi ya mezani.

Tangawizi usiitie kwenye tumbo la maji wala usiijaze kwenye chujio. Kamulia au nyunyiza kwenye birika la juu, kahawa ikipanda ikutane nayo huko. Iliki vivyo hivyo. Na maji: kisima chenye chumvi kinakula aluminiamu kutoka ndani na kuacha vidoa vyeupe, tumia ya mvua au ya bomba, ukimaliza suuza, kausha, usiifunge ikiwa na unyevu.

Kuna gharama moja ya kijiweni ambayo haimo kwenye zile shilingi 150. Akija mgeni, au mtu akiwa ameuza ufuta vizuri, utasikia "wape wote, nalipa mimi," na siku nyingine zamu ni yako. Watu wa Napoli nao wana desturi ya kulipia kikombe cha ziada baani kwa ajili ya asiyejulikana atakayekuja hana kitu. Mwenye moka nyumbani ameepuka gharama hiyo, na ameepuka pia habari za mvua, bei ya mananasi na nani anauza shamba, ambazo kijiweni hutolewa bure pamoja na kashata ya kununua.

Kwa mwanamke mizani inaegemea upande mwingine. Kijiwe cha kahawa kwetu ni cha wanaume, kama ilivyokuwa baa ya Kiitaliano kabla ya 1933. Mama anayeipenda kahawa chungu humtuma mtoto na chupa, inarudi imepoa nusu. Kwake yeye moka ya vitatu yenye jiko la gesi ni ununuzi wa maana hata pale hesabu ya shilingi inapokaribia kulingana, kwa sababu anapata kahawa nzito ndani ya dakika tano bila kumsubiri mtu.

Basi uamuzi wangu ni huu. Nyumba ya mtu mmoja au wawili, wenye gesi, walio tayari kukaanga buni: nunua moka ya vitatu, ya bei ya kati. Nyumba ya watu sita, au penye wageni wa mara kwa mara, au panapopikwa kwa mkaa: tafuta dele lenye bati zima ndani, au birika la chuma kisichoshika kutu, na kinu ulicho nacho. Mzee anayekwenda kijiweni kila jioni asinunue chochote. Anapata zaidi ya anacholipia. Na aliyeletewa moka kama zawadi asiiache juu ya kabati kwa sababu ya bei ya paketi. Atafute kilo ya buni kwanza.

Ukienda dukani, ifungue moka mbele ya muuzaji. Hakikisha vali ipo na si kichwa cha ribiti kilichobandikwa tu. Kaza na ufungue mara mbili uone kama inashika sawa bila kukwaruza. Tazama mpira usiwe na ufa, na uliza wa akiba uko wapi, maana kwa matumizi ya kila siku utaubadilisha karibu kila mwaka. Kama muuzaji hana mpira wa akiba wa saizi hiyo na hajui unakopatikana, mrudishie moka yake.